Kupiga kambi kando ya Nile au Rufiji

Kwa msafiri anayebeba hema pamoja na ndoano, Murchison Falls nchini Uganda na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere nchini Tanzania hazifanani, ingawa zote mbili zimejaa viboko na mamba, na boti katika zote hulazimika kupita mbali nao.

Murchison, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1952, ndiyo yenye sifa ya uvuvi. Nile hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha huporomoka zaidi ya mita 40, na katika maji yanayochafuka chini ya maporomoko hayo hukaa sangara, ambao wakubwa wao huzidi kilo 100. Kibali cha kuvua ni lazima, na samaki wa aina hiyo huhitaji uzi imara na mikono yenye subira kuliko ya kukurupuka. Boti hutoka Paraa, kituo kilicho ndani ya hifadhi, ikikata maji kuelekea maporomoko yenyewe.

Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, humvutia zaidi mpenda boti. Mto Rufiji unaopita humo ni mpana, umejaa mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na huungana na maziwa kama Manze na Tagalala. Nahodha asiyeujua hukwama upesi.

Mvuvi wa dhati ningemwelekeza Uganda bila kusita. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye siku 3 tu, ambaye ndoano kwake ni ziada, aende Rufiji.