CH-926 inakamata washa, haikamati cheche

Kwa mashine ya gemu inayokula sarafu za aina zaidi ya moja, CH-926, kipokea sarafu cha kielektroniki, ndiyo ya kuanza nayo. Inakariri aina 6 (CH-923 hukariri 3), inatumia volti 12, na inapokea sarafu za kipenyo cha milimita 15 hadi 29, unene 1.8 hadi 3.0. Shilingi 500 ya Tanzania, yenye milimita 27.5, inapita vizuri. Vile vipokea sarafu vya bei ya chini, vinavyolinganisha kila sarafu na moja iliyobanwa ndani, vinajua aina moja tu, na hiyo ya mfano ikilegea kidogo mashine inaanza kutema pesa halali.

Wezi wengi wanaingilia pale kifaa kilipofundishwa vibaya kutambua sarafu. Shikilia ADD na MINUS pamoja kwa sekunde 3 hivi mpaka herufi A itokee kwenye kioo chake kidogo, bonyeza SETUP, ije E: hapo unachagua idadi ya aina za sarafu. Kwa kila aina utapanga H, yaani sarafu ngapi za mfano utaingiza (mwisho 20). P, mapigo mangapi ya umeme yaende kwenye bodi ya gemu kwa kila sarafu. Na F, ukali wa ukaguzi kuanzia 1 hadi 30, ambapo 1 ndiyo kali kuliko zote. Zima, washa tena ili ihifadhi, kisha bonyeza SETUP mpaka A1 itokee ndipo uingize sarafu za mfano.

Kosa linaloonekana kila mahali ni kufundisha kwa sarafu 5 mpya zinazong'aa. Zikija zilizochakaa, kifaa kinazikataa, wateja wanalalamika, na mwenye mashine anapandisha F hadi 20. Siku hiyo hiyo washa, vile vibati vya duara vyenye tundu vinavyowekwa chini ya nati, zinaanza kuingia. Washa ya M12 (ya bolti ya milimita 12) ina kipenyo cha milimita 24 na unene wa 2.5, vyote ndani ya mipaka ya kifaa. Kinachoiumbua ni tundu la katikati: koili za ndani ya kifaa, zinazopima sarafu, zinahisi chuma pungufu. F ikiwa kubwa, upungufu huo unasamehewa. Kwa hiyo weka H 20, changanya sarafu kuukuu na mpya kutoka kwenye mzunguko, anza na F 5, na usipite 10. Fundisha kifaa kikiwa kimeshafungwa mlangoni, kimesimama wima, kwa sababu pembe ya kuangukia sarafu na bati la jirani vyote vinabadilisha vipimo.

Upande wa cheche, CH-926 haikusaidii hata kidogo, na muuzaji hatakwambia. Mtu anatoa kile kidude cha cheche kwenye kiberiti cha gesi, anakibofya karibu na tundu la sarafu au skrubu ya mlango, na bodi ya gemu inahesabu kredi, yaani haki ya kucheza. Kipokea sarafu hakijapokea chochote: cheche imeruka kwenye waya mweupe, unaopeleka mapigo, na bodi haijui tofauti. Kinga yake ni ya bei ndogo sana. Mwishoni mwa waya huo, upande wa bodi, weka rezista (kipunguza umeme) ya kilo-ohm 1 kwa mfululizo, na baada yake kapasita (kitunza chaji) ya mikrofaradi 1 kwenda graundi, yaani waya hasi. Cheche hudumu mikrosekunde, haiwezi kuishusha kapasita hiyo. Pigo halali la milisekunde 50 au 100 linapita. Ila swichi ya kasi pembeni ya kifaa isiwe kwenye FAST. Mapigo yanapokaribiana mno kapasita inaweza kukosa muda wa kujaa tena, na shilingi 500 iliyopangiwa mapigo 5 ikasomwa 3. Mlango wa chuma nao uunganishwe na ethi (waya wa ardhini) kwa waya mnene. Bawaba si ethi: grisi na rangi vinakata njia.

Waya wa kijivu ni wa kaunta, na wengi wanauacha ukining'inia. Ufunge. Ukilinganisha namba ya kaunta na fedha zilizomo sandukuni utajua kama anayeiba ni mchezaji au mwenye ufunguo. Kaunta ya kimakanika ina koili ndani, kwa hiyo weka diodi (kipitisha umeme upande mmoja) ya 1N4007 sambamba nayo, upande wenye mstari ukielekea chanya. Bila hiyo, kila inapohesabu inarusha mshtuko wa umeme unaoweza kuzaa kredi za uongo.

Kwa sarafu iliyofungwa mshipi wa nailoni, kata kipande cha bati, kikunje kielekee chini, ukifunge chini ya mdomo wa kutokea. Sarafu inashuka, ikivutwa inakwama. Bati kama hilo nyuma ya tundu la kurudishia sarafu linazuia spoku ya baiskeli kufika kwenye swichi ya huduma, ile ya fundi ya kuweka kredi.

Kama mashine inatumia tokeni (sarafu maalumu ya mchezo) ya aina moja tu, hela ya CH-926 unaitupa. Cha kulinganisha kinatosha, kikiwa na kichujio hicho hicho cha cheche. Unapoagiza tokeni, epuka kipenyo cha milimita 20 na 24: hizo ni M10 na M12, na washa zake zinauzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi.