LDCad: hodari wa kupinda mipira ya LEGO, lakini urefu upime mwenyewe

Kazi ngumu ya kujenga LEGO kwenye kompyuta huanzia kwenye vipande vinavyopinda: mipira ya hewa (mirija laini inayopitisha hewa), kamba, minyororo, springi. Tofali lina umbo moja tu, ila mpira hubadilika umbo kila unapofungwa. LDCad, programu ya bure ya Roland Melkert kwa Windows na Linux, imejikita kutatua tatizo hili hasa.

Unachukua kiolezo cha mpira, unakifungua, kisha unapanga nukta ambazo mpira utapitia. Kila nukta ina mahali na uelekeo, na mkunjo unachorwa kati yake. Tumia nukta chache. Mbili za mwisho na moja ya katikati zinatosha kwa upinde wa kawaida; zikizidi, mpira unapata mawimbi ambayo mpira halisi hauna. Zile za mwisho zifuate mhimili wa tundu ambamo mpira unaingia, la sivyo mpira utaonekana umevunjika pale unapoingia.

Udhaifu uko kwenye urefu. Ukisogeza nukta, mpira unarefuka au kufupika bila kukukataza, wakati ekseli laini za Technic (fito za LEGO zinazopinda, ambazo huchorwa kwa njia hiyo hiyo) huuzwa kwa urefu maalumu, unaohesabiwa kwa nundu, vile vidude vya juu ya tofali: nundu 7, 11, 12, 14, 16 na 19. Nundu moja ni milimita 8, yaani vipimo 20 vya LDraw, mfumo wa vipande vya LEGO vya kompyuta ambao LDCad inautumia. Tuseme viungo viwili viko umbali wa nundu 6 na unataka nusu duara kamili. Kipenyo ni vipimo 120, kwa hiyo mkunjo ni kama 188, karibu nundu 9.4. Ekseli ya 11, ukiacha nundu moja kila upande iingie kwenye kiungo, inabakiza 180. Haitoshi! Lakini pungufu ni dogo: shusha kilele cha upinde kidogo, nayo itaenea. Hesabu hii ifanye kabla ya kuagiza vipande.

Kwa raba bendi unaweka duara kwenye kila puli, unaandika nusu kipenyo chake na kuchagua upande wa kupita. Hapa LDCad inapendeza kweli. Minyororo ya vifaru inataka uangalifu zaidi, kwa sababu idadi ya pingili lazima iwe kamili. Magurudumu yakiwa sawa, ukisogeza ekseli moja nusu nundu, mzunguko wote unaongezeka nundu nzima. Rekebisha hapo mpaka pengo lifungike.

Mwenye mpira mmoja au miwili asijisumbue: Studio, programu nyingine ya kujenga LEGO kutoka BrickLink iliyo chini ya kampuni ya LEGO tangu 2019, ni nyepesi kujifunza na inafanya kazi kwenye Mac pia. Ila faili la LDCad likifunguliwa kwenye programu nyingine, umbo la mpira linaonekana bila nukta zake kufanya kazi. Tunza nakala yako ya LDCad, na kila marekebisho ya mkunjo yafanyie humo.