Mwaka mmoja na AmblesideOnline: uzoefu wangu na mtoto anayemeza vitabu, Lubumbashi

Binti yangu ana umri wa miaka 9 na yuko mwaka wa nne wa shule ya msingi hapa Lubumbashi. Nyumbani tunamwita Nkambo, kwa kuwa alirithi jina la nyanya yangu. Shuleni yumo katika zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zake zote ziko mikononi mwangu, na tangu alipomudu kusoma Kifaransa asubuhi hizo zimekuwa fumbo: kitabu ninachomletea Jumamosi kinakwisha kabla hatujatoka kwenda ibadani Jumapili. Darasani kwao, kama ilivyo katika shule nyingi za serikali hapa Kongo tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, watoto wamejaa, na mwalimu wake, ambaye simlaumu hata kidogo, hawezi kumtafutia kazi ya pekee mtoto aliyemaliza kitabu cha mwaka mzima mwezi wa Oktoba.

Nilianza kwa kukosea. Nililipia masomo ya Kifaransa ya nyumbani kutoka kampuni moja ya Ulaya, ambayo sitaitaja, nikachagua ngazi inayomzidi kwa miaka miwili, nikiamini kwamba mtoto hodari anahitaji tu kurushwa madarasa. Vitabu vyote vya kusoma alivimaliza kwa wiki sita. Maswali ya mwisho wa kila sura yalikuwa ya aina ya kuuliza jina la mbwa na siku ya safari, naye aliyajibu bila kosa. Siku moja nikamuuliza swali langu mwenyewe: kwa nini yule kijana wa hadithini alikataa kurudi kwa baba yake? Akanijibu, “Mama, hilo hawakuliandika.” Walikuwa wameliandika, tena ukurasa mzima. Hapo ndipo nilipotambua kwamba Nkambo alikuwa akifukuzana na matukio tu, na kwamba kumwongezea vitabu vigumu zaidi kungemfanya akimbie zaidi.

Ndipo nikageukia AmblesideOnline, mtaala wa bure wa kufundishia nyumbani unaopatikana kwenye intaneti kwa Kiingereza. Umejengwa juu ya mafundisho ya Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kuanzia mwaka 1842 hadi 1923 na kufungua chuo chake cha walezi huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1892. Mwaka wa masomo una wiki 36, zilizogawanywa katika mihula mitatu ya wiki 12, na kila wiki ina orodha ya kurasa za kusoma. Vitabu vingi vya orodha hiyo ni vya zamani, vyenye sentensi ndefu na msamiati mzito, na haki miliki zake zimekwisha muda, kwa hiyo vinapakuliwa bila malipo. Kilichonishangaza ni kwamba vitabu hivyo vigumu vinasomwa polepole mno. Kitabu ambacho Nkambo angekimaliza kwa siku mbili kinaenezwa katika muhula mzima, pengine mwaka mzima, sura moja kwa wiki au hata nusu sura.

Mwezi wa kwanza ulikuwa vita. Alikuwa akificha tableti chini ya mto ili asome mbele, nami nikalazimika kuifungia kabatini pamoja na sukari. Nilipunguza ukali kwa kumwachia vitabu vingine vya kujisomea apendavyo, jambo ambalo mtaala wenyewe unalihimiza, lakini vile vya somo vilibaki kwenye mwendo wake.

Kazi kubwa ya siku si kusoma bali kusimulia. Mtoto anasoma au kusomewa kifungu mara moja tu, bila kurudia, kisha anafunga kitabu na kueleza kwa maneno yake yote aliyoyapata. Hakuna maswali ya kuchagua jibu wala nafasi za kujaza. Nilidhani ni mchezo, mpaka nilipoujaribu mimi mwenyewe kwa kurasa tatu za historia nikaishia njiani. Nkambo naye, ambaye ana kumbukumbu kali, mwanzoni alinitolea sentensi za kitabu jinsi zilivyo, kama kasuku. Ndipo nikabadilisha kitu kimoja ambacho mtaala haukuniambia: kitabu kikiwa cha Kifaransa, anasimulia kwa Kiswahili, tena si kwangu bali kwa mama yangu mzazi, ambaye hasomi Kifaransa na hana subira na maneno matupu. Bibi anamkatiza: “Huyo mtu ni nani tena? Alifikaje huko?” Mtoto anarudi nyuma, anapanga upya, anatafuta neno la Kiswahili la kitu ambacho hajawahi kukiita kwa Kiswahili. Huwezi kukariri katika lugha ambayo kitabu hakikuandikwa. Kwa maoni yangu, dakika hizo kumi mbele ya bibi zimempa kazi ngumu kuliko ngazi yote ile niliyoilipia.

Sasa niseme kasoro, nazo si ndogo. Kiingereza ni ya kwanza. Mimi nilikisomea chuo kikuu, kwa hiyo naweza kumsomea kwa sauti na kumfafanulia, lakini mzazi asiyekijua atabaki mlangoni. Kwa sehemu kubwa nimechukua utaratibu wa mtaala na kuweka vitabu vya Kifaransa mahali pa vile vya Kiingereza. Nilivipata katika maktaba ya Project Gutenberg, niliyoipakua mara moja kwa Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, pamoja na Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa ya watoto. Tangu hapo hatununui mega za intaneti kwa ajili ya masomo, na umeme ukikatika tunaendelea mradi tableti ina chaji.

Kasoro ya pili ni historia. Wafalme wa Uingereza na waasisi wa Marekani wamo tele, ila Afrika ya kati karibu haipo. Nkambo aliliona kabla yangu. Nilipomtajia mwaka wa kufunguliwa chuo cha Ambleside, yaani 1892, aliuliza wakati huo huku kwetu kulikuwa na nini. Kulikuwa na Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, siku chache tu kabla ya mwaka huo kuanza. Kuanzia siku hiyo tunaandika matukio ya pande zote mbili katika daftari moja, ukurasa wa kushoto wao, wa kulia sisi, na tumeshakwenda mara mbili kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini kuiangalia ile misalaba midogo ya shaba iliyotumika zamani kama fedha. Upande wa kulia mzigo wa kutafuta maandishi ni wangu peke yangu, na umenilia jioni nyingi.

Somo la maumbile lina shida kama hiyo, kwani kitabu kinachopendekezwa kiliandikwa kwa ajili ya walimu wa Marekani, chenye theluji na miti tusiyoijua. Tumekiweka kando. Mtoto anachora kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya jirani, na mvua za Novemba zilipowatoa kumbikumbi, ambao sisi tunawaita inswa, alichora mabawa yao kwanza, kisha akawala.

Mtaala wenyewe haukunigharimu hata franka moja, lakini uchapishaji wa kurasa kwenye papeteri, duka la vifaa vya kuandikia, umenigharimu zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu macho ya mtoto hayawezi kukaa kwenye tableti asubuhi nzima. Unahitaji pia muda: kwetu ni kama saa mbili na nusu kila asubuhi, katika vipindi vifupi vya robo saa hadi dakika 20, na mzazi lazima awepo. Anayetoka kwenda kazini saa kumi na mbili alfajiri na kurudi usiku asijaribu mtaala huu kama ulivyo. Achukue kusimulia peke yake, mara tatu kwa wiki.

Tumebakiza wiki nne za muhula wa tatu. Mwaka ujao hatutaruka ngazi. Nkambo ameniomba jambo moja tu, kwamba vitabu vya Kiingereza asimulie kwa Kifaransa kwa baba yake, kwa sababu, anasema, baba hakatizi sana kama bibi. Nimemkatalia.