Monadnock, Chicago: jengo la kutazamwa kuta zake

Wageni wa Chicago hupelekwa kwanza kwenye maghorofa marefu. Jengo la Monadnock, kona ya Jackson na Dearborn, lina ghorofa 16 tu upande wa kaskazini, halina nakshi, na mwenye haraka atalipita akidhani ni bohari. Atakuwa amekosa mengi. Kwa anayetaka kujua ukuta wa matofali unaweza kupanda hadi wapi na unakwamia wapi, hakuna jengo bora katikati ya mji ule.

Anza nje, upande wa kaskazini, uliokamilika 1891 kwa michoro ya wasanifu majengo Burnham na Root. Hapa kuta za nje ndizo zinazobeba mzigo, kwa kanuni ile ile ya nyumba za mawe za Lamu: kadiri unavyopanda, ndivyo ukuta wa chini unavyotakiwa kunenepa. Kwenye ghorofa ya chini unene wake ni karibu mita 1.8, juu kabisa umepungua hadi kama nusu mita. Sasa piga hesabu ya mwenye nyumba. Upana wa jengo ni kama mita 20, na penye ukuta mzima pande mbili zinameza karibu mita 3.6, tena chini kabisa, penye kodi nono.

Tatizo la pili ni ardhi. Chini ya Chicago kuna udongo wa mfinyanzi laini, kwa hiyo msingi ulitandazwa kama jamvi la vyuma na zege, ukatokeza hadi chini ya barabara. Wahandisi walitarajia jengo lizame sentimita 20. Kwa miongo iliyofuata lilizama karibu 50.

Kukosa nakshi nako kuna sababu. Wenye jengo, ndugu wawili Peter na Shepherd Brooks wa Boston, hawakutaka kitu chochote kilichochomoza: kinashika uchafu, kinafuga njiwa, wala hakiongezi nguvu. Root, aliyefariki Januari 1891, alikuwa ametaka mapambo. Aliponyimwa, akalipatia jengo umbo badala yake: ukuta unajipinda kuingia ndani juu ya ghorofa ya kwanza, kisha kule juu unafunguka tena nje. Tazama pembe zake. Zimekatwa mshazari unaopanuka taratibu kadiri zinavyopanda, na matofali yake yalifinyangwa kwa umbo maalumu. Mwashi yeyote atakwambia hiyo si kazi ya kubahatisha.

Kisha tembea kusini hadi kwenye kiungo cha nusu mbili za jengo. Nusu ya pili, ya wasanifu Holabird na Roche, ilimalizika 1893, miaka miwili tu baadaye, na tayari mzigo unabebwa na fremu ya chuma, iliyovikwa tofali na terakota, yaani vigae vya udongo wa kuchoma. Kuta ni nyembamba na nafasi ya kupangisha ni kubwa zaidi. Nakshi nazo zimerudi, na kwa maoni yetu hazikuwa na haja ya kurudi.

Ndani, ukumbi unapita urefu wote wa jengo, na maduka madogo yana milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa ukumbini. Usipite bila kutazama ngazi za nusu ya kaskazini: zina aluminiamu, miongoni mwa mara za kwanza kutumika katika ujenzi, wakati bado ilikuwa madini ya kifahari. Sakafu ya mozaiki na taa ni matunda ya ukarabati ulioanza 1979. Ukarabati huo ulifuata uasili hadi kwenye mwanga, na hapo ndipo penye lawama: ukumbi ni mwembamba na una kiza, picha za simu hutoka na ukungu. Egemeza simu ukutani. Ghorofa za juu ni ofisi za watu, usipande bila mwenyeji.

Stesheni za treni za Jackson ziko jirani. Ukibakiwa na nusu saa, tembea hadi Rookery, mtaa wa La Salle, kazi ya Burnham na Root ya 1888. Ukumbi wake wa paa la kioo, uliorekebishwa na msanifu Frank Lloyd Wright mwaka 1905, una mwanga wote ambao Monadnock imeukosa.