Kisanduku cha Cotman: rangi 12 zatosha, pesa itie kwenye karatasi

Mimi huchora picha za vitabu vya watoto hapa Mombasa, na vijana wanaotaka kuanza rangi za maji huniuliza wanunue kisanduku cha rangi ngapi. Nawaambia wachukue kile kidogo cha Cotman, chenye vidonge 12, na pesa inayobaki waitie kwenye karatasi.

Cotman ni rangi za daraja la wanafunzi za Winsor & Newton, kampuni iliyoanzia London mwaka 1832. Unafuu wake una sababu: kadimiamu na kobalti, metali zinazotengenezewa rangi, ni ghali, kwa hiyo mahali pake zimetumika rangi nyingine zinazofanana nazo. Ndiyo maana majina kadhaa yanaishia na neno Hue. Kwa kazi ya vitabu hilo halininyimi usingizi, maana picha itapigwa skani na kwenda mtamboni. Anayeuza picha za kutundika ukutani ndiye wa kufikiria daraja la juu.

Brashi inayokuja ndani ni ndogo, ya kuchora kope na vifungo vya shati. Kwa mawingu na bahari tafuta ya mviringo namba 8 au 10, nywele za sintetiki zinatosha, mradi ncha yake irudi kuwa kali kila ikilowa.

Uhondo wenyewe uko kwenye vidonge viwili, Burnt Sienna (kahawia yenye wekundu) na Ultramarine (buluu iliyokolea). Ukizichanganya na ya kwanza ikizidi, unapata ngozi ya mtoto aliyeshinda ufukweni. Ongeza buluu kidogo kidogo na ngozi inakolea, mpaka unafika kivuli cha chini ya kidevu. Tone la Yellow Ochre, njano ya udongo, kwenye paji la uso, basi, mtoto yuko hai. (Zile pakiti za bei rahisi huja na rangi ya waridi iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi. Ngozi ya nani?) Burnt Sienna na Ultramarine zikilingana, unapata kijivu, na hapo ndipo utamu unapozidi: chembe za Ultramarine huzama kwenye vishimo vya karatasi, ile kahawia ikabaki imetandaa juu. Nikichora kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale, ule ukwaru na vitundu vyake hujitokeza vyenyewe, sijachora hata jiwe moja.

Ila kwa karatasi laini ya printa usitarajie hayo. Chukua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa mkwaruzo wa wastani. Nyepesi kuliko hapo hujikunja maji yakikolea, na rangi hukimbilia mabondeni. Kazi ya mteja naifanyia Arches ya Ufaransa, pamba tupu. Bei yake inauma, sikatai, lakini unaweza kuilowesha, kuifuta na kuilowesha tena, nayo haitoi nyuzi. Mazoezi nayafanyia Canson XL ya gramu 300, ambayo ni ya mbao. Hiyo ina raha yake kwa michoro ya haraka. Tabaka la tatu la rangi usiiombe.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Karatasi ya rangi za maji hutiwa jelatini au kinga nyingine ili isifyonze maji ovyo, na ikikaa wazi mwaka mzima kwenye joto la huku, kinga hiyo hulegea, rangi ikazama na kuacha mabaka. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke mbali na sakafu. Vidonge navyo hushikwa na gundi ya mgunga, na kuvu huipenda sana gundi hiyo. Msimu wa masika usifunge kisanduku kikiwa kibichi. Kiache wazi usiku kucha, feni ikizunguka.

Kwa mistari natumia kalamu za Pigma Micron, namba 01 kwa nyuso na 05 kwa nguo. Wino wake ukishakauka hautoki kwa maji. Kalamu nyingine yoyote uipendayo ijaribu kwanza pembeni: piga mstari, subiri dakika chache, pitisha brashi yenye maji. Ukiona kivuli cha zambarau kinatambaa, hiyo ni ya kuandikia barua.

Vidonge huuzwa pia kimoja kimoja. Mimi Chinese White nimeitoa, kwa kuwa nyeupe yangu ni karatasi, na pale pake nimepachika Burnt Sienna ya pili.