Maita soo ya inchi 10, miezi minane kwenye banda langu la nyuma

Nianze na kijana wa duka maana yeye ndo amefanya niandike hii. Gerezani pale Kariakoo, jumamosi mchana, jua la kufa mtu, nimeshalipa laki tano na nusu kwa maita soo, ile mashine mafundi alumini wanakatia fremu za madirisha, msumeno wa duara unaoshuka kutoka juu kwa mkono. Kijana akaitoa kwenye boksi anijaribishie, kitu cha kwanza akachukua bisibisi akaanza kufungua gadi, lile ganda la plastiki linalofunika bledi. Nikamuuliza sasa unafanya nini, akasema "bro hii inasumbuaga tu, mafundi wote wanaitoa, utaona kazi inavyoenda". Skrubu moja ilikuwa imeshatoka. Nikamwambia irudishe, akacheka kidogo akairudisha, na niseme ukweli moyoni nilikuwa nimeshaanza kumwamini, yeye anauza hizi kila siku na mimi ni mhasibu ninayepiga randa wikiendi. Leo naona kama alitaka kunitoa vidole kwa roho safi kabisa.

Chapa siitaji, ziko nyingi pale zinafanana kama mapacha, zimepakwa rangi tofauti tu. Yangu bledi yake ni inchi 10, yaani milimita 255, wati 1800, inazunguka kama mara 5000 kwa dakika. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu (ugonjwa wa kazi) nikakuta jino la bledi linakimbia karibu kilomita 240 kwa saa, treni yetu ya SGR inaishia 160. Tangu siku ile naiheshimu.

Meza yake inazunguka kushoto na kulia mpaka digrii 45, na kichwa, yaani mota pamoja na bledi yake, kinalala kushoto mpaka 45 pia, ukivitumia vyote viwili kwa mpigo hapo ndo unapata ule mkato wa pembe mbili kwa pamoja, kompaundi. Nimetengeneza vigoda vinne vya jikoni, miguu imekaa kwa kutanuka kama mbuzi anayejinyoosha, digrii 10 huku na digrii 10 kule, mkato mmoja umemaliza, zamani kwa msumeno wa mkono ningekesha na bado kigoda kingecheza. Fremu za picha, skatingi ya sebuleni, rafu za dogo, zote zimepita hapa. Kwa hilo sina cha kulalamika, inakata safi mpaka unatamani kulamba ile kona.

Ila haina reli za kutelezesha kichwa mbele na nyuma, inashuka tu. Ukinyoosha sifuri inakata mbao ya upana wa kama inchi 5 na nusu basi, ukizungusha 45 inapungua mpaka inchi 3 na kitu. Mbao ya 1x8 lazima ukate, ugeuze, ukate tena, na ule mstari wa katikati haukutani sawasawa hata ufanyeje. Kama kazi yako ni vitanda na makabati jikaze ununue ya reli. Na ukinunua ya reli ujue inakatwa kwa kusukuma, unavuta kichwa kije kwako kikiwa juu bado, unashusha, halafu unasukuma kwenda mbele, ukikata huku unavuta bledi inataka kupanda juu ya mbao ikufuate wewe.

Sasa kilichonipata. Mwezi wa pili nilikuwa namalizia fremu ya mninga, nikataka kupunguza kidogo tu upande mmoja, kipande kinachobaki kikawa kifupi kama boksi la kiberiti. Nikakata vizuri. Kosa langu ni kwamba bledi bado inazunguka nikainua kichwa. Angalia inavyofanya kazi, meno ya mbele yanashuka, ya chini yanakwenda nyuma kwenye fensi (kale kaukuta kaalumini ambako mbao inaegemea), ya nyuma yanapanda, sasa kile kipande kidogo hakijashikwa na kitu, kimekaa kati ya bledi na fensi, ukiinua meno yanakizoa. Sikukiona kikiruka. Nilisikia tu paa! halafu bati la banda likalia kama mtu katupa jiwe, mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nini. Kuja kuangalia gadi ina mkwaruzo mrefu wa kama kidole, upande ule ule ambao uso wangu ulikuwa. Mkwaruzo upo mpaka leo, ukija nitakuonyesha.

Tangu hapo nimejizoesha, nabonyeza triga, ile swichi ya kwenye mshikio, nasubiri mpaka mlio utulie, yaani bledi imefika spidi yake yote, ndo nashusha taratibu bila kuilazimisha, nikimaliza naachia triga kichwa kikiwa chini kule kule, nasubiri isimame kabisa, ndo nainua. Yangu ina breki, inachukua sekunde chache tu. Sekunde zenyewe ukiwa na haraka zinaonekana kama foleni ya Ubungo lakini subiri. Na kipande kifupi sikikati tena, nakata kwenye mbao ndefu kwanza ndo nabaki na kipande, sio kuanza na kipande.

Mkono wa kushoto ndo wa kuuchunga. Wa kulia uko kwenye mshikio hauna shida, ila wa kushoto una akili zake, unataka kusogea usaidie. Nimechora mstari mwekundu kwa maka penye meza, sentimita 15 kutoka bledi kila upande, mkono hauvuki, kama mbao ni fupi kiasi kwamba ili niishike lazima nivuke basi inakaa kwenye klampu. Na usipishanishe mikono, kushika mbao upande wa kulia kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unashusha, nimeona mafundi kibao wanafanya hivyo na wanapiga stori juu yake. Ukilaza kichwa ndo uongeze umakini, bledi inalala upande wa kushoto, yaani inaufuata mkono ule ule unaoshikia.

Na kulaza huko kulinigharimu. Ile fensi ya nyuma, sehemu yake ya juu inateleza pembeni, na ukilaza kichwa lazima uiteleze kwanza kuipisha bledi. Mimi nilisahau. Nikaikata fensi ya mashine yangu mwenyewe, cheche, kelele, meno mawili ya bledi yakaondoka. Siku hizi kila nikibadilisha pembe nachomoa plagi kwanza, nashusha kichwa kikavu mpaka chini naangalia kinagusa nini, ndo narudisha plagi. Inachukua nusu dakika.

Kubadilisha bledi kwenyewe kulinipa aibu. Nilizungusha ile bolti ya kati na spana nusu saa nzima kuelekea kushoto kama bolti zote za dunia, nikaweka mafuta, nikaita jirani naye akazungusha akatoka jasho. Kumbe uzi wake ni wa kinyume, unafungua kwa kuzungusha kulia, na kuna kitufe cha kubonyeza kushikilia ekseli isizunguke. Kitabu kimeandika, nani anasoma kitabu. Bledi iliyokuja nayo ni ya meno 24, kwa paina ya kujengea sawa, kwa fremu inachana pembeni, nunua ya meno 60 mapema, na angalia spidi iliyoandikwa kwenye bledi iwe kubwa kuliko ya mashine, na tundu la kati lilingane kabisa, sio la kuchomeka chomeka vikaratasi. Na usimwache mtu akufungie bledi ya msumeno wa kushika mkononi, ile meno yake yameinama mbele sana, hapa inanyakua mbao.

Mbao zetu nazo zina tabia. Paina ya Mafinga mara nyingi inakuja mbichi, ikikauka inapinda kama upinde, na mbao iliyopinda ukiiweka vibaya inaibana bledi katikati ya mkato. Weka tumbo lile lililobinuka liguse fensi, pale bledi inapopita pasiwe na nafasi hata ya karatasi. Mvule ndo balaa, ndani unaweza kukuta mawe kabisa, chokaa imeganda ndani ya mti, na hayaonekani mpaka jino liyagonge. Mtiki unamaliza makali upesi. Mbao za paleti pitisha sumaku kwanza, misumari humo haina idadi.

Vumbi lake usilichukulie poa. Kale kamfuko ka nyuma kanashika kama nusu, na hapo nakapa heshima, nyingine yote inakuja puani. Mvule na mkongo vinanipigisha chafya mpaka machozi, na vumbi la mbao ngumu limewekwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa, sio utani, kwahiyo barakoa nzuri, sio ile ya karatasi ya elfu moja boksi. Miwani. Kitu cha masikio, hii mashine inapiga kelele hasa kwenye banda la bati. Glavu HAPANA, najua inaonekana kinyume lakini bledi ikikamata uzi wa glavu inavuta mkono mzima, hivyo hivyo shati la mikono mirefu linaloning'inia, kitambulisho cha ofisini shingoni (nimewahi kuingia nacho, mke wangu ndo aliniona), na kanzu ya ijumaa, badilisha kwanza.

Umeme. Wati 1800 kwa 230 ni kama ampea 8, ile eksitensheni nyembamba ya kuchajia simu itayeyuka, mimi nilishika waya nikakuta wa moto kama chapati. Tafuta ya waya wa milimita za mraba 2.5, na kama ni ya kuviringisha ivute yote, usiache imejikunja. LUKU ikiisha katikati ya mkato, na itaisha tu, achia triga, chomoa plagi, ndo uanze kuhangaika na mbao iliyobana, sio kuacha kila kitu unakimbilia simu kununua tokeni. Halafu zile mtumba za Marekani zinazouzwa bei chee ni za volti 120, ukichomeka kwenye soketi yetu umeichoma.

Nina mtoto wa miaka minne anayependa kubonyeza. Triga ya hii ina katundu kadogo, nilidhani ni urembo, kumbe ni ka kupitisha kufuli. Nimeweka kufuli la begi, elfu tatu. Kichwa nakishusha na pini yake, plagi nje, funguo iko na mimi.

Vitu ambavyo viliniudhi kwenye mashine yenyewe. Alama za digrii zilikuja zimekosewa kidogo, kwenye sifuri haikuwa sifuri. Kupima ni rahisi, kata mbao, geuza kipande kimoja chini juu, viunganishe, uwazi unaouona ni kosa lako mara mbili. Ukiwa na nusu digrii tu, fremu yenye kona nne ina mikato minane, kona ya mwisho inakuja na uwazi wa digrii nne, mtu anapitisha kadi. Ilibidi nirekebishe bolti zote kwa skwea, jioni nzima. Leza yake, kale kamwanga ka kuonyesha bledi itapita wapi, ni mapambo, jua likiwa kali huioni, na usiku unaiona ila inasema uongo milimita mbili. Na meza ni fupi, mbao ya mita mbili inaning'inia, inabidi utengeneze vikalio vya pembeni vya kimo kile kile, la sivyo mbao ikikatika inaanguka na kuvuta.

Na gadi, eti ile inayosumbua. Kweli mwanzoni ilikuwa inakwama, ila iliyoikwamisha ni unga na utomvu wa paina, nikachomoa plagi nikaipiga brashi ya viatu ikateleza kama mpya. Hilo ndo tatizo ambalo lilikuwa linatibiwa kwa bisibisi.

Nairudia kununua? Ndio, hii hii, kwa bei hii, alama 7 kwa 10, moja nimeikata kwa ajili ya leza na mbili kwa ajili ya zile alama za digrii. Mkienda mwambieni afungue boksi mbele yenu mhesabu, klampu, ufunguo wa bledi, kamfuko, kaboni za akiba za mota. Mimi boksi langu halikuwa na klampu na nimegundua nikiwa nimeshafika Goba, kesho yake nikarudi, kijana yule yule akanitafutia ya mashine nyingine, inaingia kwa kupigwa nyundo kidogo lakini inashika.