Mafunzo ya Jumamosi kuhusu roketi zilizoanguka, mjini Lubumbashi

Mafunzo haya, yanayotolewa na kituo kimoja cha ufundi hapa Lubumbashi kwa vijana waliomaliza sekondari, yanashughulikia swali moja: kwa nini kombora au roketi huanguka siku ya majaribio ilhali imeundwa na wataalamu? Mwalimu anaonyesha kwamba mara nyingi chanzo ni kipande kidogo kilichotumiwa katika hali ambayo hakikupimiwa, na namna anavyolionyesha jambo hilo inastahili ada tunayolipa.

Somo bora kuliko yote lilihusu Mercury-Redstone 1, roketi ya Marekani iliyotokana na kombora la Redstone. Tarehe 21 Novemba 1960 ilinyanyuka kama sentimita 10, injini ikazimika, ikatua palepale. Kebo yake ya uongozaji ilikuwa ya kombora la kijeshi, ndefu kuliko iliyohitajika, kwa hiyo ilichelewa kuchomoka. Kebo ya umeme ikaitangulia kwa takriban milisekunde 29, na katika muda huo mfupi, kwa kukosa waya wa ardhi, umeme ukapitia kwenye relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya kuzimia injini. Mwalimu alituchorea mzunguko huo ubaoni, kisha akatupa plagi mbili zenye pini za urefu tofauti tuzichomoe wenyewe, taa ndogo ikituonyesha ipi imetangulia. Fundi umeme yeyote wa Kamalondo angenufaika na nusu saa hiyo.

Kuhusu Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986, asubuhi yenye baridi kali, mwalimu alirudia jaribio ambalo mwanafizikia Richard Feynman alilifanya mbele ya tume ya uchunguzi: alikibana kipande cha mpira kwa koleo, akakitia katika maji ya barafu, na alipokiachia kilichelewa kurudia umbo lake. Mpira unaochelewa hivyo hauwezi kuzuia gesi ya moto kwenye maungio ya roketi za pembeni za chombo hicho. Kwa bahati mbaya kulikuwa na bakuli moja tu, na waliokaa nyuma hawakuona kitu. Proton-M ya Urusi, iliyoanguka tarehe 2 Julai 2013 kwa sababu vihisio vyake vitatu vilifungwa juu chini, ilipewa dakika chache mno.

Kasoro inayoniuma ni nyingine. Kampuni ya OTRAG ya Ujerumani Magharibi ilirusha roketi zake kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu wa zamani, ulipokuwa ukiitwa Shaba, na ile ya tarehe 5 Juni 1978 ilishindwa mbele ya Rais Mobutu. Mwalimu aliitaja kwa sentensi moja. Vijana wa Katanga wanastahili somo zima juu ya roketi hizo, ambazo ziliunganishwa kwa mabomba mengi yanayofanana ili gharama ipungue.

Maandishi ya ukutani ni ya Kifaransa, lakini maelezo yote hutolewa kwa Kiswahili na maswali hujibiwa kwa subira. Anayetaka kujiandikisha awahi viti vya mbele.